Hama na Sufuria, Milango Iache

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maswali yanayonifikia hapa Nakuru yana sura moja: mtu amehamia toleo jipya, kitu kimepotea au kimegoma, ana bakapu, yaani nakala ya akiba, mkononi na hajui aimwage wapi. Nimechagua machache. Nyinyi mnaotaka niwatumie namba ya kuamilisha Windows bila kulipa, mtasubiri sana.

"Fundi, habari ya kazi. Nina saiba hapa Kondele, mashine sita. Kabla ya kuingia Windows 11 nilifanya bakapu ya mfumo mzima kwenye diski ya nje. Sasa kwenye mashine moja faili za wateja hazionekani. Nikirejesha hiyo bakapu zitarudi?" – Mama Saiba, Kisumu

Zitarudi, Mama. Pamoja nazo itarudi Windows 10, na kila kilichoingia kwenye mashine hiyo tangu uhame kitafutika. Bakapu ya mfumo mzima ni picha ya diski yote. Ukiirejesha inaikalia diski kama ilivyokuwa siku ile, haichagui.

Hili ndilo jambo ninalolipigia kelele mwaka wa tatu sasa. Ukihama Bondeni kwenda Section 58 unabeba kitanda, sufuria na vyeti vya watoto. Hung'oi milango ya nyumba ya zamani ukaja kuilazimisha kwenye fremu za nyumba mpya. Faili zako ndizo sufuria. Draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine), programu na mipangilio ya ndani ya Windows ni milango. Ukishapandisha toleo, rudisha vyombo. Programu zisakinishe upya.

Kwa hiyo kitufe cha kurejesha usikiguse. Kwanza tazama kwenye diski C kama kuna folda iitwayo Windows.old. Kwa kawaida hukaa siku 10 baada ya kuhama, na huenda ukavikuta vitu vyako humo, chini ya Users. Usipoikuta, chomeka diski ya nje, fungua folda ya WindowsImageBackup na uingie ndani mpaka uone faili zenye majina marefu yanayoishia na vhdx. Ile kubwa kuliko zote huwa ndiyo diski C. Nenda Disk Management, chagua Attach VHD, na kabla ya kukubali weka alama kwenye Read-only (kusoma tu), usije ukaichafua nakala yenyewe. Itajitokeza kama diski nyingine ndani ya mashine. Nakili kazi za wateja, kisha uitoe.

Sasa na mimi nikuulize. Faili za wateja zinalala saiba kwa nini? Vitambulisho vilivyoskaniwa, PIN za KRA, barua za kuomba kazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na haikuwaacha nje wenye saiba. Mteja akilipa akatoka, vyake vifutwe.

"Ni kweli naweza kurudi Windows 10 bila bakapu yoyote?" – Mwalimu, Njoro

Ndani ya siku 10, ndiyo, kupitia Recovery kwenye Settings; faili zako zitabaki, ila programu ulizoweka baada ya kuhama zitaondoka. Siku ya 11 usinipigie. Na vijana wako wasiruhusiwe kufanya "usafi" wa diski wiki hiyo, maana kitu cha kwanza kufagiliwa ni hiyo Windows.old. Ukisharudi, jiandikishe kwenye masasisho ya ziada ya usalama, ambayo kwa mtu binafsi yanafika 13 Oktoba 2026. Ukitaka kubaki Windows 10 bila hayo huku ukiingia benki kwa mashine hiyohiyo, hapo sina neno.

"Nilitaka kurejesha bakapu, nikabadilisha mipangilio ya BIOS, ile programu inayoiwasha mashine, kama nilivyoona YouTube. Sasa mashine inadai namba ya tarakimu 48. Fundi aliyeniwekea Windows 11 hapokei simu." – Mfanyabiashara, Bungoma

Mashine haijaharibika, kaka. Diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows. Mashine imeona jambo geni kwenye namna ya kuwaka, ikahisi mwizi, ikadai ufunguo. Kwenye laptopu nyingi za Windows 11 kufuli hilo hujifunga lenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo hupelekwa kwenye akaunti hiyo.

Akaunti ya nani? Hapo ndipo penye shida yako. Mafundi wetu wengi, ili kazi iishe haraka, huiwasha mashine ya mteja kwa barua pepe yao wenyewe. Mteja anaondoka na laptopu, ufunguo unabaki kwa fundi, pamoja na wa watu wengine ishirini. Anza kwa kurudisha ile mipangilio ya BIOS ulivyoikuta. Mara nyingine hilo pekee latosha. Ikishindikana, ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu uangalie sehemu ya vifaa. Ukikosa huko, panda bodaboda ukamtafute fundi dukani kwake. Pasipo namba hizo 48 hakuna wa kuifungua diski hiyo. Anayekwambia anaweza, kwa elfu tatu, anataka elfu tatu. Kilichobaki ni kuifuta na kuanza upya.

Ninyi wengine, kabla hamjagusa toleo wala BIOS, chapisheni ufunguo huo kwenye karatasi na mkauweke mahali pamoja na hati ya shamba. Nimewahi kuletewa laptopu ambayo mwenyewe aliuhifadhi vizuri sana, ndani ya diski ileile iliyofungwa.

"Nina Google Drive. Nahitaji bakapu nyingine ya nini?" – wanne wenu, kutoka Kisumu, Busia na Naivasha

Futa faili moja kwenye laptopu inayosawazishwa na Drive, kisha uitafute kwenye simu. Hutaikuta. Pipa la taka litakushikia siku 30. Nimelijibu hili mara ya mwisho.

"Sisi ni sako ndogo Kakamega. Seva ilikuwa Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi, kama Windows), mfumo wa hesabu unatumia hifadhidata ya PostgreSQL. Tulinakili folda yote ya data, tukaweka Ubuntu 24.04 upya, tukairudisha folda. Haiwaki. Wanachama wanauliza salio zao." – Karani

Poleni, na msiifute hiyo folda. Ubuntu 20.04 huja na PostgreSQL 12, 24.04 huja na 16. Folda ya data ya toleo kuu moja haisomwi na toleo kuu jingine, hata kama hamna baiti moja iliyopotea. Mlichobeba ni nyumba nzima juu ya lori.

Dawa ipo. Chukueni mashine ya pembeni, au mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), mweke PostgreSQL 12 na kuiwasha juu ya nakala ya folda hiyo. Nasema nakala, ya asili ikae kando bila kuguswa. Ikiwaka, toeni data kwa pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutolea nakala, mkitumia ile ya toleo jipya la 16, kisha mwingize faili itakayotoka kwenye seva mpya. Kama folda ilinakiliwa wakati seva ikiwa inafanya kazi, inaweza kukataa kuwaka au kuwaka na kasoro, kwa hiyo linganisheni salio za wanachama kumi na daftari la karatasi kabla ya kufungua dirisha la huduma.

Suala la toleo la pg_dump si udaku wa mafundi. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilipoteza hifadhidata yake kuu baada ya mhandisi kufuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia bakapu, wakakuta mahali zilipopaswa kuwa ni patupu. pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, na pg_dump hugoma mbele ya seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Ilikuwa ikigoma kila siku. Barua pepe za kuonya zilitumwa, zikakataliwa njiani na kinga dhidi ya barua bandia. Kilichowaokoa ni nakala ya saa kama 6 nyuma ambayo ilichukuliwa kwa shughuli nyingine kabisa. Hao walikuwa na wahandisi wa zamu. Nyinyi mna karani. Basi karani, kila Ijumaa fungua folda ya bakapu kwa macho yako uangalie ukubwa wa faili. Ikisoma sifuri, piga kelele siku hiyohiyo.

"Nimepandisha Ubuntu, nikarejesha /etc (folda ya mipangilio ya mfumo) yote ya zamani ili nisipange upya. Haiwaki kabisa." – Mwanafunzi, Maseno

Milango! Washa kwa flashi ya Ubuntu, fungua fstab, faili inayoorodhesha diski za mfumo, na ulinganishe zile UUID (namba za kutambulisha diski) na zinazotolewa na amri ya blkid. Kama ulifomati diski, zimebadilika na mfumo unasubiri diski ambayo haipo. Ukiipata data yako, sakinisha upya. Kutoka /etc ya zamani chukua mstari mmoja mmoja unaoujua kazi yake, usichukue folda.

"Bakapu ya Time Machine (programu ya bakapu ya Apple) kutoka Mac mpya inaweza kuingia kwenye Mac yangu ya zamani?" – Milimani, Kisumu

Pandisha kwanza macOS ya hiyo ya zamani ilingane na ile iliyotoa bakapu. Ikiwa haipandi tena, nakili faili kwa mkono.

"Kwa nini unasisitiza kuchomoa diski nyingine zote wakati wa kurejesha? Ni kujisumbua tu." – Msomaji, Gilgil

Kwa sababu nilishafuta bakapu ya mteja kwa mkono wangu. Ilikuwa jioni, foleni ya watu dukani, stima inakatika na kurudi. Ukiwasha kwa flashi ya kurejesha, herufi za diski hubadilika. Ile uliyozoea kuiita C inaweza kuitwa D, na D ikawa nyingine. Nilitazama herufi, sikutazama ukubwa. Nikafomati. Mteja alikuwa mpiga picha wa harusi. Sitasema zaidi.

Tangu siku hiyo, diski inayoandikwa ni moja, inayosomwa ni moja, nyingine zote zimo kabatini, na naitambua kila moja kwa ukubwa wake. Kazi ikiisha, diski ya bakapu inatoka kwenye mashine. Inayobaki imechomekwa hupigwa na virusi vya kufungia faili pamoja na mashine yenyewe. Na radi vilevile: ninyi wa Kisii na Kakamega mnazijua. Halafu usianze kurejesha kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba stima ikikatika), wala laptopu yenye betri iliyokufa.

Na flashi za terabaiti 2 zinazouzwa kando ya barabara kwa bei ya sahani ya pilau si za terabaiti 2. Zimedanganywa ndani ziseme hivyo. Zikijaa zinaandika juu ya vilivyotangulia bila kulalamika. Ijaribu flashi kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wake wa kweli, kabla ya kuiamini.

"Kila kitu kimerudi na kinafanya kazi. Naweza sasa kufuta bakapu ya zamani? Diski imejaa." – Duka la vifaa vya ujenzi, Nakuru

Imejaa nini? Subiri kwanza mwezi mmoja upite, ufunge hesabu zake kwenye toleo jipya, uchapishe risiti, ufungue ankara za mwaka jana uone kama zinafunguka. Baada ya hapo futa picha ya mfumo ukitaka. Faili za hesabu hapana. Sheria ya Taratibu za Kodi inataka kumbukumbu zako zitunzwe miaka 5, na afisa akija hatakubali kwamba zilitolewa kupisha filamu. Nunua diski nyingine.