Akidhurika kwenye majaribio ya chanjo, nani atalipa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 22, ameombwa kujiunga na majaribio ya chanjo hapa Mwanza. Fomu ya ridhaa inasema akipata madhara atatibiwa bure. Fidia haikutajwa popote. Akishasaini, ndiyo basi?

JIBU: Marahaba. Matibabu ya bure na fidia ni vitu viwili. Matibabu ni vipimo, dawa na kitanda. Fidia ni kwa yale ambayo hospitali haiwezi kuyarudisha: ulemavu, kipato kilichopotea, wategemezi walioachwa. Azimio la Helsinki, yaani misingi ya maadili ya utafiti kwa binadamu iliyowekwa na Chama cha Madaktari Duniani, linataka vyote viwili, kwa hiyo fomu hiyo ina pengo, na mdogo wako ana haki ya kuomba maelezo kwa maandishi kabla ya kusaini. Nauli na posho anayopewa kila akihudhuria haihesabiki hapa.

Saini yake inathibitisha kwamba ameelezwa hatari na amekubali kushiriki. Haifuti haki ya kudai. Miongozo ya 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa linalotoa miongozo ya maadili ya utafiti wa afya, inakataza kumtaka mshiriki aisamehe haki hiyo, kwa hiyo akikuta sentensi ya aina ya "sitadai chochote", aiache kalamu mezani.

Halafu aulize habari za bima: kampuni gani, kiwango gani, na inaendelea kwa muda gani baada ya utafiti kufungwa. Mamlaka za dawa, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, hudai cheti cha bima kwenye maombi ya majaribio, lakini cheti peke yake hakinitoshelezi. London, Machi 2006, vijana sita wenye afya njema walidungwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, na muda mfupi baadaye wote wakawa mahututi. Waliokoka, ingawa mmoja alipoteza vidole. Kampuni iliyomiliki dawa, TeGenero ya Ujerumani, ilifilisika miezi michache baadaye. Bima yake ilikuwa pauni milioni 2 kwa watu wote, na wanasheria wa vijana hao waliona haitoshi kabisa. Bima ilikuwepo, tena Uingereza.

Ugomvi mkubwa huwa kwenye chanzo: ni chanjo iliyomdhuru, au ni ugonjwa uliomkuta tu? Fomu iseme nani anaamua. Daktari anayelipwa na mdhamini wa utafiti asiamue peke yake, mimi hilo silikubali. Ila mjue pia kwamba chanjo ikishindwa kumkinga akaugua, kwa kawaida hilo halihesabiwi kuwa madhara ya utafiti.

Abaki na nakala ya fomu. Ndani yake huwa mna namba ya kamati ya maadili, mbali na ile ya mtafiti mkuu. Lolote likitokea apige zote mbili siku hiyohiyo, na karatasi za kila hospitali atakayopita azitunze, hata za zahanati ya mtaani.