Biolojia haikunitoa kanisani

Mleta mada, umeuliza kama kijana wako wa chuo anaweza kukubali nadharia ya Darwin ya mageuko ya viumbe na bado akapokea Komunyo bila unafiki. Mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili, na biolojia nimeifundisha sekondari miaka 22. Anaweza, tena bila wasiwasi.

Hofu uliyo nayo ina historia. Mwaka 1864 Papa Pius IX alitoa orodha ya makosa 80 ya zama zake, na la mwisho lilikuwa kusema kwamba Papa anapaswa kupatana na maendeleo na ustaarabu wa kisasa. Hofu hiyo ilifika hadi kwetu: katekista alinitoa nje ya mafundisho ya kipaimara kwa kuuliza habari za dinosaria. Nilikaa chini ya mwembe nikilia, nikajua nimeshapotea.

Aliyenirudisha ni padri mzee. Alifungua Mwanzo 1, akaniuliza mwanga uliumbwa siku ya ngapi. Ya kwanza. Na jua? Nikafuatisha mistari kwa kidole: ya nne. "Sasa hizo siku tatu za mwanzo zilihesabiwaje?" Kumbe Mtakatifu Augustino aliumiza kichwa na siku hizohizo karne nyingi kabla ya Darwin kuzaliwa! Utenzi hausomwi kama risiti ya duka, na hilo sisi Waswahili tunalijua.

Mwaka 1943 Papa Pius XII aliwataka wataalamu wa Biblia wazingatie aina ya fasihi wanayoisoma. Mwaka 1950 akaruhusu asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe, roho akisisitiza inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo II, 1996, akasema mageuko ni zaidi ya dhana.

Ninayempenda kuliko wote ni Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Pius XII alipouona ugunduzi wa namna hiyo kama ushahidi wa uumbaji, mwaka 1951, Lemaître hakufurahia. Hakutaka fizikia ibebeshwe kazi ya imani. Naumia ninaposikia mahubiri yanayokimbilia kila ugunduzi na kuubandikia aya. Ukikanushwa kesho, muumini atashika nini?

Kaa na kijana wako msome Mwanzo 1 na 2 kwa mkupuo mmoja. Sura ya kwanza wanyama wanamtangulia mtu, ya pili mtu anatangulia. Akiuliza kwa nini, tafadhali usimtoe nje.