Mti Uliojaa Matunda Ulivyonidanganya

Mwaka wangu wa kwanza wa kuotesha miche ya miti ya asili nilichuma mbegu zote kwenye mti mmoja. Ulikuwa umebaki peke yake katikati ya shamba, wenzake wamekatwa zamani, na ulizaa mpaka matawi yakainama. Hata ngazi sikuhitaji. Nikajaza gunia, nikarudi kitaluni najiona mjanja.

Nyingi zikaoza udongoni. Zilizoota zilitoka kila moja na lake: mche mmoja umerefuka, jirani yake amedumaa, mwingine umechomoza na majani meupe kama karatasi ukafa kabla ya wiki kwisha. Nikalaumu udongo, nikalaumu maji, nikabadilisha vyote viwili. Kosa lilikuwa ndani ya gunia.

Karibu aina 9 kati ya 10 za mimea itoayo maua huchavushwa na wanyama: nyuki, vipepeo, popo, ndege. Msitu ukikatwa vipandevipande, wadudu wengi wadogo hawathubutu kuvuka eneo wazi. Wale wanaoufikia mti uliobaki peke yake hula humohumo, ua hadi ua, na kuupaka chavua yake wenyewe. Mti unaoweza kujichavusha utazaa tu. Lakini jeni mbovu, ambazo kwa kawaida hujificha nyuma ya nakala nzima kutoka kwa mzazi wa pili, sasa hukutana mbili mbili kwenye mbegu moja. Yale majani meupe niliyoyaona ni mfano mmoja wa kinachojitokeza.

Ipo mimea isiyokubali kabisa chavua yake, wala ya mwenzake aliyebeba alama zilezile za uzazi. Kuna ua la manjano la jamii ya alizeti kwenye maeneo ya mawe karibu na Maziwa Makuu ya Marekani. Kundi la mwisho lililobaki jimboni Illinois lilichanua miaka mingi bila kutoa mbegu, nyuki wakija kama kawaida. Kumbe mimea yote iliyosalia ilikuwa ya kundi moja la uzazi. Ilipochavushwa na mimea ya Ohio, ikazaa. Kwa hiyo ukiona maua tele na hakuna mbegu, usikimbilie mbolea. Tafuta chavua ngeni.

Sitaki uondoke hapa ukiudharau mti wa peke yake. Karibu na Manaus, kwenye Amazon, watafiti walifuatilia mti mrefu mno uitwao Dinizia excelsa. Miti yake iliyobaki malishoni ilizaa mbegu nyingi kuliko ile ya msitu mzima, na chavua ilisafirishwa zaidi ya kilomita 3, ikibebwa na nyuki wa asali wenye asili ya Afrika ambao hata si wenyeji wa huko. Mti kama huo ni daraja kati ya kipande na kipande. Shoka likiufikia, umbali kati ya vipande unaongezeka. Ila daraja nalo lina hila zake: kule Costa Rica, mti uitwao Symphonia globulifera ulionyesha kwamba miche mingi ndani ya vipande vya msitu ilikuwa watoto wa miti michache ya malishoni. Ukitazama unaona msitu unajirudisha, kumbe ni familia chache zinaongezeka.

Ndiyo maana sitazami tena miti mikubwa peke yake ninapokagua kipande cha msitu. Mti wa miaka 200 ulizaliwa kabla ya shamba kuwapo, na jeni zake ni za msitu ule wa zamani. Hasara huanzia kwa miche. Hesabu yake si ngumu: kundi la mimea 10 inayozaliana yenyewe hupoteza takriban asilimia 5 ya uanuwai wa jeni zake, yaani tofauti kati ya mmea na mmea, kila kizazi, kundi la 500 hupoteza asilimia 0.1. Miti huishi muda mrefu, basi hasara hii hujitokeza polepole, kama deni linalolipwa kidogo kidogo.

Siku hizi nachuma hivi. Lengo langu ni miti mama 50, yaani miti ninayochumia mbegu. Nikikosa, nachukua yote niliyoipata na kuandika idadi yake kwenye mfuko. Kati ya mama na mama naacha angalau mita 50, maana majirani mara nyingi ni ndugu. Naanza na kipande kikubwa, kisha vidogo, na nasubiri mwaka ambao miti mingi imechanua pamoja. Kila mama anatoa kiasi kilekile, hata yule anayemwaga matunda. Hapa ndipo wengi tunateleza, kwa sababu mkono hupenda penye wingi. Na sivuki mbali mno kutafuta damu mpya: mbegu za nyanda za baridi hazitanisaidia kwenye joto.

Mti ule bado umesimama. Kila msimu nauchumia kiganja kimoja, sawa na wenzake, na kuuzunguka nimepanda miche ya mama wengine kumi na wawili. Haijachanua bado. Mmoja umeanza kunipita kimo.