Mkeka uko juu ya kabati

Mjane wa Nyegezi, Mwanza, ananiandikia: "Shangazi, mume wangu alifariki Novemba mwaka jana. Alikuwa mzee wa kanisa, baba wa mfano, hajawahi kulala nje. Nataka kumfanyia kumbukumbu ya hadhi yake: ukumbi, fulana zenye picha yake, mshereheshaji, chakula cha watu mia tatu. Mama mkwe hataki. Anasema twende kaburini Sengerema, mchungaji aombe, tule ugali, basi. Hajawahi kunipenda huyu mama. Alipokuja alishusha hata mkeka wa marehemu bila kuniuliza, nikamnyang'anya nikaurudisha juu ya kabati. Nifanyeje?"

Pole sana, mwanangu. Mume anayerudi nyumbani mapema, sato mkononi, akauliza watoto wamekula nini, hapatikani kila mtaa. Ila umeuliza, nami nakujibu: mama mkwe wako yuko sahihi.

Barua yako ni ndefu kuliko nilivyoifupisha hapa, na nimeisoma mara tatu. Fulana umezitaja mara nne. Watoto umewataja mara moja, na ni pale unaposema siku hizi wanashinda kwenye runinga. Halafu unasema tangu maziko hujafika kaburini kwa ajili ya foleni ya kivuko. Kivuko kipi, mwanangu? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Yale maji ya kilomita tatu yaliyokuwa yanakesha watu kwenye foleni, sasa hivi gari linayavuka kwa dakika chache tu. Kinachokuzuia kufika Sengerema ni kitu kingine, na nadhani unakijua.

Turudi kwenye mkeka. Umeupitia haraka haraka, mimi nimekwama hapo hapo. Kwa maelezo yako mwenyewe, kila jioni mumeo aliutandika sebuleni, anawasomea watoto Biblia, kila mmoja anataja jambo moja la kumshukuru Mungu. Mdogo aliwahi kushukuru kwa ajili ya dagaa, mkacheka wote. Tangu azikwe haujatandikwa hata siku moja. Akaja mama yake, mwanamke aliyemzaa, akaushusha awakalishe wajukuu. Ukamnyang'anya! Hapo mkorofi ni nani?

Unauogopa ule mkeka, mwanangu. Ukitandikwa, pale alipokuwa anakaa pataonekana patupu. Ukumbini kuna spika na watu mia tatu, huwezi kuliona pengo. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kumsingizia mama wa watu chuki.

Na hili si lako peke yako. Siku hizi kumbukumbu ya marehemu imekuwa kama harusi: kamati, kundi la WhatsApp la michango, sare, keki. Mtu aliyevaa shati lile lile kila Jumapili anakumbukwa kwa mapambo ya mamilioni, na Januari wanawe wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wazee wetu walikaa matanga, wakala walichonacho, wakaulizana watoto wa marehemu watalelewaje. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hao watoto wako wenye adabu unaowasifu waliundwa juu ya mkeka ule, jioni baada ya jioni.

Sasa fanya hivi. Mpigie mama simu leo, umwombe radhi kwa lile la mkeka, umwambie mnakuja. Tafuta Jumamosi watoto hawana shule, mkalale huko, Jumapili msali naye kanisani kwake. Hela ya ukumbi iweke kwenye ada na usimwambie mtu yeyote kwamba ipo.

Mkeka ushushe usiku huu huu. Ufute vumbi, zima runinga, mwache kifungua mimba asome, hata akisoma kwa kukwamakwama. Ukilia, lia hapo hapo mbele yao. Na mama akija tena Nyegezi, mkaribishe akae pale alipokuwa anakaa mwanawe.