Wajumbe 350 na daftari langu: kwa wewe unayemsimamia mtia nia kwa mara ya kwanza

Mara ya kwanza kumsimamia mtia nia wa ubunge, yaani anayeomba chama kimteue kugombea, nilinunua kaunta buku la kwaya mbili. Mkutano wa chama wa jimbo, unaopiga kura za maoni kupendekeza mgombea, ulikuwa na wajumbe 350 na ushei. Nikaandika jina moja moja, na mbele ya kila jina alama: vema kwa aliyesema ndiyo, ulizo kwa anayesitasita. Usiku wa kuamkia kura nilihesabu vema 214, nikalala usingizi wa pono. Kesho yake mtu wetu akapata kura 31, wa nne kati ya tisa.

Miezi baadaye, hasira zikiwa zimeshapoa, mimi na wapambe wa watia nia wengine tuliyalinganisha madaftari yetu. Majina yalikuwa yale yale. Mama mmoja wa tawi la sokoni alikuwa na vema kwenye madaftari manne. Nilipomuuliza akacheka: "Mwanangu, ningekukatalia ungelala?"

Kauli ya "wajumbe si watu wazuri" ilishika kasi mwaka 2020, pale CCM ilipohesabu kura za maoni hadharani na watu wazima wakasomewa sifuri mbele ya wake zao. Mimi sikubaliani nayo. Mjumbe anaishi na watia nia wote tisa. Mmoja shemeji yake, mwingine ndiye anayemkopesha mbolea, wa tatu anasali naye. Akimkatalia mtu usoni amejinunulia uadui wa miaka mitano. Ndiyo yake ni adabu tu, na kosa ni la anayeiandika daftarini kama kura.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimuulize mjumbe atampigia nani. Muulize wenzake wa tawini wanasemaje. Hapo atakuambia ya moyoni, kwa kuwa anayasema kwa mdomo wa wengine. Aliyemtaja mtu wako mbele ya wenzake bila wewe kuwepo, mhesabu nusu kura. Aliyekuletea mjumbe mwingine bila kudai nauli, mhesabu kura nzima. Na aliyekuambia hapana, mpe heshima yake: huyo peke yake ndiye unayemjua kwa hakika. Kwa hesabu hiyo zile vema zangu 214 zingeshuka hadi arobaini hivi.

Kuhusu bahasha za pesa sitasema mengi. Mjumbe atapokea za wote tisa, na ya mwisho itapita saa nane usiku wakati wewe umelala. Kulikuwa na wakati sheria yenyewe iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, tangu 2000 hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Wapo wanaosema hakuna kilichobadilika. Kimebadilika hiki: sasa bahasha yako ni kisu, na umekikabidhi kwa vikao vya chama vinavyochuja majina.

Na vikao ndivyo vinavyosahauliwa na wageni wengi. Jina lenyewe linakuambia: kura za maoni. Maoni hupelekwa juu, na juu kuna watu wenye maoni yao. Chukua CCM mwaka 2015. Watia nia wa urais walikuwa zaidi ya 30, na Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, ndiye aliyekuwa na mtandao mpana kuliko wote. Kamati Kuu ilipokaa Dodoma ikatoa majina matano, la kwake halimo. Halmashauri Kuu ilipokutana, baadhi ya wajumbe wakaimba kuwa wana imani naye. Wimbo haukurudisha jina. Tano zikawa tatu, na Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, kama asilimia 87. Mtandao wa Lowassa ulikuwa mkubwa kweli, ila ulijengwa kwenye ngazi ambayo jina halikufika.

Kabla hujatumia shilingi kwenye mafuta ya pikipiki, jua ni vikao vingapi vitalipitia jina la mtu wako, nani anakaa humo, na nani kati yao ana kinyongo. Sisi hatukujua. Katibu mmoja tuliyemkalisha benchi kwenye harusi miaka minne nyuma ndiye aliyekuwa akiandika taarifa yetu.

Tanzania uzito wa mchujo huu unazidi kwa sababu huna mlango mwingine. Katiba inataka mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania kesi ya mgombea binafsi miaka mingi, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa ushindi Juni 2013, lakini mpaka leo hakuna mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura. Aliyekatwa ana njia mbili: kunyamaza, au kuhama.

Lowassa alihama. CHADEMA na wenzao wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, wakampa tiketi ya urais, na kura za mgombea wa CHADEMA zikapanda kutoka asilimia 26 za Dk. Wilbrod Slaa mwaka 2010 hadi karibu 40. Ukiangalia namba peke yake utasema walipatia. Lakini Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA, aliondoka kwenye siasa za vyama kabla ya kura kupigwa, na Ikulu hawakuingia. Mgombea wa kuletwa anakuja na watu wake. Kabla hujashangilia, hesabu pia anaowafukuza.

Jakaya Kikwete alinyamaza. Mwaka 1995, CCM ilipotafuta mgombea wa urais, aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Benjamin Mkapa. Cleopa Msuya aliyekuwa wa tatu akatoka, wakarudia, na Mkapa akashinda 686 kwa 639. Kikwete hakususa. Miaka kumi baadaye alipata tiketi na akaingia Ikulu kwa asilimia 80. Duru ile inanifundisha kitu kingine pia: uongozi wa duru ya kwanza ni wa kupoteza kama hujui kura za wa tatu zitalala wapi. Mpigie simu wa tatu kabla hajawa wa tatu.

Wenzetu wa Kenya walilipa bei kubwa zaidi mwaka 2002. Rais Moi alimteua Uhuru Kenyatta kutoka juu kugombea urais, wakati ndani ya KANU, chama tawala, walikuwamo wazee waliosubiri zamu miaka mingi. Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti wakatoka. Tarehe 14 Oktoba, Uhuru Park, Raila akatamka maneno mawili, "Kibaki tosha", yaani Kibaki wa upinzani anatosha kugombea. Desemba Mwai Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31. Chama kilichotawala tangu uhuru kiling'olewa hasa na watu wake wenyewe.

Hilo la walioshindwa ndilo ningeliweka mbele kama ningeanza upya. Usiku ule wa kura 31 bosi wangu aliniambia niwashe gari, tunakwenda kwa mshindi. Nilinuna njia nzima. Tulimkuta uani anachinjiwa mbuzi. Akamkumbatia, wakapiga picha, tukapewa supu. Kesho yake tulipewa kata tatu za kusimamia. Wa pili, aliyeshindwa kwa kura 12, hakuna aliyemfuata. Wapambe wa mshindi walipita mbele ya nyumba yake wakipiga honi. Siku ya uchaguzi mkuu mashina yake yote yalibaki majumbani, na kata yake ndiyo pekee ambayo chama kilipoteza diwani.