Kabla hujaifungulia jumuiya yako akaunti: niliyojifunza nikiwa mweka hazina Lamu

Vijana wanaoanzisha jumuiya hunijia wakiuliza benki gani ni nzuri. Kabla ya kuwajibu, huwauliza wao: fedha zenu zitatoka wapi, zitaenda wapi, na ni nani atakayezifuata benki? Wengi hawajalifikiria. Basi tunakaa barazani na karatasi, tunaandika.

Nimeshika hesabu za jumuiya ndogo ya elimu na afya hapa Lamu kwa miaka mingi. Nimefungua akaunti, nimezifunga, nimezihamisha. Karibu kila tatizo lililotupata lilianza pale tulipoichagua benki kwa jina lake au kwa kuwa tulimjua mtu ndani, kabla hatujaijua safari ya fedha zetu wenyewe.

Karatasi yetu sisi ilisema hivi. Kinachoingia ni michango ya wanachama kwa M-Pesa, sadaka za pesa taslimu baada ya mikutano, na ruzuku ya mfadhili wa ng'ambo mara mbili kwa mwaka, kwa dola. Kinachotoka ni posho za wahudumu wa vijijini Pate na Ndau, mafuta ya boti, vitabu vinavyonunuliwa Mombasa, mishahara ya watu wawili, na makato yao ya serikali ambayo lazima yafike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukiitazama karatasi hiyo utaona kwamba tawi lililo karibu na ofisi lina faida kwa jambo moja tu, zile sadaka za taslimu. Mengine yote yanategemea jinsi benki inavyotuma na kupokea fedha bila mtu kwenda dirishani. Jumuiya ya Mpeketoni au ya Malindi itakuwa na karatasi nyingine, na huenda ikaishia kwenye benki nyingine kabisa.

Sasa nije kwenye watia sahihi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo jumuiya nyingi zinapoumia.

Katiba yetu ya mwanzo ilitaka sahihi tatu, zote tatu, kwenye kila hundi. Tuliona huo ndio uaminifu. Mwenyekiti alikuwa akiishi Kizingitini, kisiwani Pate, katibu Mpeketoni, mimi mjini Lamu. Mwezi mmoja wa Julai, msimu wa kusi, tulikuwa na posho za wahudumu zilizokwisha kuchelewa wiki mbili. Hundi ilitiwa sahihi yangu na ya katibu, ikabaki ya mwenyekiti. Anayeijua njia ya Pate anajua kwamba mlango wa bahari wa Mkanda ukipwa, boti hazipiti, zinasubiri maji. Mzee alifika gatini saa tisa na robo, kanzu imelowa hadi magotini, tukakazana mpaka benki ikiwa imebaki chini ya saa moja wafunge. Akatia sahihi palepale dirishani. Yule kijana wa benki akaiinua hundi, akaitazama, akaitazama kadi ya benki yenye mfano wa sahihi zetu, akaitazama tena hundi.

"Shikamoo mzee. Samahani, sahihi hii haifanani na ya kwenye kadi."

Nikaomba nione. Ya kwenye kadi ilikuwa na mkia mrefu unaopinda chini ya herufi ya mwisho. Ya siku ile haikuwa na mkia. Mzee alikuwa ametoka kuugua, na mkono wa kulia haukuwa umerudi sawasawa. Alijaribu mara ya pili, akajaribu mara ya tatu. Kijana hakuwa na kosa, alikuwa analinda fedha zetu. Lakini siku ile hatukutoa kitu, na mzee alilala kwetu akisubiri maji ya asubuhi. Sikupata usingizi. Nilikuwa nawafikiria wale kina mama walioacha mashamba yao kutufanyia kazi.

Baada ya hapo tuliibadilisha katiba: watia sahihi watatu, wawili kati yao wanatosha, na mweka hazina hawezi kutoa fedha peke yake. Ndio mpango ninaoupendekeza kwa kila jumuiya changa. Sahihi moja msiikubali hata kama mnampenda mtu huyo kama ndugu. Mume na mke, au mtu na mwanawe, wasiwe watia sahihi pamoja. Mkaguzi wa hesabu ataliona jambo hilo mara moja, na mfadhili pia. Kisha iulizeni benki kama ina huduma ya mtandao ambayo mmoja huandaa malipo na mwingine huyaidhinisha kutoka kwake, awe Kizingitini au Nairobi. Ulizeni kwa akaunti ya jumuiya hasa. Programu ya simu unayoitumia kwa akaunti yako binafsi si lazima ikubali idhini ya watu wawili. Muombe afisa akuonyeshe inavyofanya kazi kwenye skrini yake, usiridhike na "ndiyo, ipo". Na mkishapewa namba za siri, kila mtu ashike yake. Nimeona jumuiya ambayo namba zote tatu zilikuwa zimeandikwa nyuma ya daftari la mweka hazina. Hapo watu wawili wamejitoa wenyewe kwenye ulinzi, bila kujua.

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walisema kweli, na kwa jumuiya ya leo nusu ya daftari hilo huandikwa na benki. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti, ombeni muone mfano wa taarifa ya benki. Je, fedha zikiingia kwa namba ya malipo ya M-Pesa, taarifa inaonyesha jina la aliyetuma, au inaonyesha tarakimu tupu? Je, mnaweza kuipata kila mwezi bila kuomba, na kwa faili ambalo mhasibu anaweza kulifungua kwenye kompyuta? Tulikaa mwaka mzima na benki ambayo taarifa yake haikuonyesha majina. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiwapigia wanachama simu, mmoja mmoja: "Dada, wewe ndiye uliyetuma mia tano tarehe kumi na mbili?" Michango isipokewe kwenye simu ya mtu binafsi hata kwa wiki moja. Jueni pia mipaka yake: kwa M-Pesa malipo ya mara moja hayazidi shilingi 250,000, na hundi nchini Kenya haizidi shilingi 1,000,000 tangu mwaka 2009. Zaidi ya hapo fedha hupita kwa RTGS, yaani njia ya benki kutumiana fedha nyingi moja kwa moja, nayo ina ada yake na saa yake ya mwisho ya siku. Ulizeni vyote viwili.

Wenye mfadhili wa nje, someni hapa polepole. Watu hubishana na benki juu ya ada ya mwezi ya shilingi mia chache, kisha hawaulizi dola itanunuliwa kwa bei gani. Chukua ruzuku ya dola 20,000. Benki mbili zikitofautiana kwa shilingi mbili tu kwa kila dola, hizo ni shilingi 40,000. Kwetu hiyo ni mafuta ya boti ya muda mrefu. Siku fedha zinapotarajiwa, ipigieni benki simu muulize bei, mlinganishe na ile inayotangazwa na Benki Kuu ya Kenya, kisha mjadiliane. Ndiyo, bei hujadiliwa, hata na jumuiya ndogo. Mimi niliogopa kuuliza miaka minne. Mkifungua akaunti ya dola pembeni ya ile ya shilingi, mnaweza kuzibadilisha kidogo kidogo kadiri mnavyohitaji, mradi mfadhili amekubali na kila ubadilishaji una karatasi yake.

Lingine ni makato ya njiani. Fedha zitokazo ng'ambo hupita mara nyingi kwenye benki ya katikati, nayo hukata chake. Kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu ya OUR, SHA na BEN. OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote, SHA mnagawana, BEN anayepokea ndiye anayelipa. Kubalianeni na mfadhili kabla hajatuma, na liandikwe kwenye mkataba, la sivyo ripoti yenu itakuwa na pengo la dola thelathini au hamsini mtakaloulizwa kwa barua tatu. Na jina. Jina la akaunti liwe lilelile la cheti cha usajili, neno kwa neno. Siku ya kufungua, karani alifupisha jina letu ili litoshee kwenye kisanduku, sisi tukafurahi kwamba limekuwa fupi. Mfadhili aliandika jina kamili. Fedha zilirudi zilikotoka, zikakatwa ada ya kwenda na ya kurudi.

Usalama wa fedha zenyewe. Mwaka 2015 benki mbili za hapa Kenya, Dubai Bank na Imperial Bank, ziliwekwa chini ya usimamizi, na Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Shirika la Bima ya Amana, KDIC, humlipa mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 benki ikifungwa. Kiwango hicho ni kwa kila mwenye fedha katika kila benki, kwa hiyo kufungua akaunti tatu za miradi mitatu ndani ya benki moja hakuongezi kinga. Jumuiya inayopokea milioni tatu kwa mkupuo haiwezi kuzigawa kwenye benki sita ikaendelea na kazi, hilo nalijua. Tunachofanya sisi ni kuweka akiba ya dharura kwenye benki ya pili, kuomba ruzuku ije kwa awamu, na kutazama hesabu ambazo kila benki inalazimika kuzitangaza. Sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, ni nzuri kwa mambo mengi, lakini bima hiyo ya amana haizifikii.

Kwetu hapa litaibuka pia suala la riba, na lisipuuzwe, kwa sababu wanachama wana haki ya kujua fedha zao ziko wapi. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia ya Kiislamu kikamilifu, na benki kadhaa za kawaida zina kitengo cha aina hiyo. Akaunti ya hundi isiyo na riba huliondoa tatizo kwa urahisi zaidi. Ila someni mkataba wa mfadhili kwanza: ruzuku ya serikali ya Marekani, kwa mfano, humruhusu mpokeaji kubaki na riba isiyozidi dola 500 kwa mwaka, na inayozidi hurudishwa. Lijadiliwe mkutanoni, uamuzi uandikwe.

Nyaraka hazina siri kubwa: cheti cha usajili, katiba, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) ya jumuiya na ya kila mtia sahihi, vitambulisho, picha, na kumbukumbu za mkutano ulioamua kufungua akaunti, zikitaja benki, tawi, majina na utaratibu wa sahihi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na vikundi vya kijamii vina sheria yao ya mwaka 2022, kwa hiyo hakikisheni mnajua mko chini ya ipi kabla ya kupanga foleni.

Mkishafungua, msihamishie kila kitu. Wekeni fedha kidogo, mzijaribu mwezi mmoja: pokeeni mchango mmoja kwa simu, lipeni mtu wa Faza, lipeni duka la Mombasa, tumeni makato ya serikali, kisha chukueni taarifa muilinganishe na daftari lenu mstari kwa mstari. Msipoweza kuilinganisha ikiwa na mistari minane, itakuwaje ikiwa na mia mbili?

Na viongozi wakibadilika, kumbukumbu za uchaguzi zifike benki wiki hiyohiyo, zikifuatana na watia sahihi wapya kwa miguu yao. Sisi tulichelewa mara moja. Nilikwenda kulipa, afisa akafungua faili letu, na kadi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa bado na picha ya katibu aliyehamia Mombasa miaka miwili nyuma. Ilibidi arudi kwa basi kuja kutia sahihi ya kujiondoa. Tangu siku hiyo, ajenda ya mkutano wetu mkuu ina mstari unaofuata uchaguzi moja kwa moja: nani anakwenda benki kesho, na boti ya saa ngapi.