Kompresa inanguruma kisha inakatika

SWALI: Fundi, feni ya nje ya pampu yangu ya joto inazunguka, lakini kompresa inanguruma sekunde chache tu kisha inanyamaza. Nimeambiwa imekufa, ninunue mpya. Ni kweli?

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Inayonguruma inapata umeme, kwa hiyo thamostati na kontakta (swichi ya umeme inayowasha kompresa) vimeitikia. Kama mashine si ya inveta (ile inayobadilisha kasi ya kompresa), mimi huanzia kwenye kapasita, kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Nyingi huhudumia feni na kompresa pamoja, na upande mmoja unaweza kufa peke yake. Zima swichi kuu, hakikisha kwa mita, kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme). Tafadhali usiruke hatua hiyo. Kapasita huhifadhi umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa imeandikwa mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) 45 nayo inasoma 30, ibadilishe. Iliyovimba, itupe bila kupima.

Ikiwa nzima, kagua kontakta: ncha zilizoungua hupunguza volti. Koili za kompresa, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota yake, ziwe za mwisho kupimwa, tena ikishapoa kabisa. Ikiwa bado ya moto, kinga yake ya ndani huwa imekata njia, na mita itakuonyesha koili imekatika kumbe ni nzima. Kompresa nyingi hutupwa kwa kosa hilo.